Chuma Hakina Kabila

Nenda Gerezani, Dar es Salaam, uwaambie mafundi kwamba unatafuta mashine ya kukereza vyuma ya kuweka nyumbani. Jibu utalipata kabla hujamaliza kusema: tafuta ya Mzungu, ya zamani. Ya Mwingereza au ya Mjerumani, hata iwe na miaka hamsini, hata rangi iwe imebanduka yote. Ya Mchina usiiguse, hilo ni bati. Na akiwepo mtu mzima mwenye methali zake, ataufunga mjadala papo hapo: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Kauli hiyo nimeisikia miaka mingi. Niliiamini, nikanunua mashine kwa kuifuata, na hasara yake nikaila mwenyewe. Leo naipinga waziwazi, kwa sababu bado naona vijana waliojinyima, waliouza pikipiki au kuchukua mkopo wa kikundi, wakiteremsha kutoka kwenye kirikuu chuma kizito kisichoweza kukereza hata pini ya bawaba ikatoka sawa.

Nasema hivi: nchi ilikotengenezwa mashine haikuelezi hali yake ya leo. Na imani kwamba chuma fulani hakifi ndiyo inayokiua, kwa kuwa asiyekufa hatafutiwi dawa.

Kwanza niwape haki yao. Wanaosifu mashine za zamani hawasemi uongo. Myford ML7, mashine ndogo iliyoanza kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, mwaka 1946, mpaka leo inafanya kazi katika karakana nyingi za nyumbani. Kitanda chake ni chuma cha kusubu, na katika kukereza uzito wenyewe ni msaada: mashine nyepesi hutetemeka, kisu kikaruka, na kazi ikatoka na mawimbi kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Walioichora walikuwa mafundi hasa. Hilo sibishani nalo. Ninachobisha ni pale mtu anaporuka kutoka "ilitengenezwa vizuri" hadi "basi ni nzima", kisha akaruka tena hadi "basi haihitaji kuangaliwa".

Shahidi wao mkubwa ni meli ya MV Liemba. Tazama Liemba, wataniambia: imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuungwa Kigoma, ikazamishwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikakaa chini ya maji miaka, ikaibuliwa, ikarudi kazini. Kama hicho si chuma kisichokufa, ni nini?

Naikubali hadithi, lakini isimuliwe yote. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipoamua kuizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, ndipo wakaizamisha. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo inayofaa kukarabatiwa. Ukarabati ukafanyika, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya la Liemba. Hata hivyo injini zake za mvuke hazikudumu milele. Katika miaka ya 1970 ziling'olewa zikawekwa za dizeli. Kilichoiokoa Liemba ni grisi, na mikono iliyoipaka, na mikono mingine iliyoikarabati kila ilipochoka. Ukiitoa grisi katika hadithi hiyo, kinachobaki ni kutu chini ya ziwa, na kutu haina uraia.

Sasa niseme yangu. Mashine niliyoinunua ilikuwa ya Kiingereza, ya rangi ya kijani inayong'aa, imekaa kwenye yadi kati ya jokofu na majenereta. Ile rangi ilipaswa kunishtua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na rangi mpya juu ya mashine ya miaka arobaini ni namna ya kujitembeza. Muuzaji aliizungusha kwa mkono, ikazunguka laini kabisa. Nikalipa. Nyumbani nilipofanikiwa kuiwasha, nikakereza kipande cha chuma cha milimita 25 kwa urefu wa milimita 100 hivi, nikakipima kwa maikromita. Ncha moja ilizidi nyingine kwa milimita 0.11. Unywele wa mtu una unene wa milimita 0.07 hivi. Beringi haikai kwenye shafti yenye kosa kama hilo: ukiiingiza kwa nguvu upande mmoja, upande wa pili inacheza.

Niligundua nini? Kitanda kilikuwa kimelika. Na kilikuwa kimelika mahali pamoja tu: zile sentimita thelathini za karibu na chaki, yaani kile kishikio chenye taya tatu kinachoibana kazi. Hapo ndipo kazi nyingi fupi hufanyika, na hapo ndipo kigari kinachobeba kisu huenda na kurudi mchana kutwa. Upande wa mkiani kitanda kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani, na huko ndiko nilikoonyeshwa.

Hapa ndipo narudi kwenye ile methali, maana wanaoitaja wameisahau kamba yenyewe. Baharia wa jahazi hanunui kamba kuukuu kwa kusikia imesokotwa wapi. Huinyoosha, akapitisha vidole pale inapopita kwenye kapi, kwa sababu kamba hukatika inaposuguliwa. Methali inalinganisha kamba na ukambaa, vitu viwili vya namna mbili, tena inachukulia kwamba kamba yenyewe bado inashika. Haikusema ukuukuu wa kamba iliyokatika.

Kwa mashine ya kukereza, kupitisha vidole kwenye kapi ni kazi ya nusu saa, na haihitaji digrii. Kaza skrubu za kigari mpaka kiwe kizito kidogo kikiwa karibu na chaki, kisha kisukume kuelekea mkiani. Kikikwama njiani, kitanda kimelika kule ulikoanzia. Bana chuma kirefu kwenye chaki, kinyanyue juu na kukishusha kwa nguvu huku saa ya kupimia imekigusa karibu na kichwa cha mashine. Mshale ukicheza sana, beringi za kichwani zimechoka. Zungusha mkono wa kigari kidogo cha kukatia mbele, kisha nyuma, uone mkono unazunguka kiasi gani kabla kigari hakijasogea. Iwashe mashine katika kila gia, moja baada ya moja, na usikilize. Kisha omba ukereze kipande kama kile nilichokereza mimi baada ya kulipa. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Sharti niongeze jambo moja, ili nisimwonee muuzaji mwaminifu. Si kila kosa la vipimo ni kulika. Mashine iliyofungwa kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda, na kitanda kilichojipinda hukereza upogo hata kikiwa kipya. Ugonjwa huo una dawa: pimamaji kali, vibati vyembamba chini ya miguu, na subira ya jioni moja. Kitanda kilicholika dawa yake ni kusagwa upya, na kazi hiyo inaweza kukugharimu kuliko ulivyoinunulia mashine.

Tuseme umepata ya zamani isiyolika. Zipo, na ukiipata nitakupongeza kwa moyo wote. Bado kuna maswali mawili ambayo wanaosifu chuma cha Mzungu hawayaulizi kabisa.

La kwanza ni umeme. Nyumba zetu nyingi zina fezi moja, voti 230. Mashine iliyotoka kiwandani Ulaya mara nyingi ina mota ya fezi tatu, voti 400. Siku hizi kuna inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu, na inafanya kazi vizuri, lakini ya kawaida hutoa fezi tatu za voti 230, si 400. Kwa hiyo soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kuungwa kwa mtindo wa pembetatu ikatumia 230. Mota nyingi za zamani zimetoa nyaya tatu tu, na kiungo cha katikati kimezikwa ndani ya koili. Yangu ilikuwa hivyo. Ikabidi fundi wa kusuka mota aifungue na kukitafuta kiungo hicho kwa uangalifu, kwenye nyaya ambazo varnishi yake ilikuwa imekauka ikawa inavunjika kama ganda la yai. Mwenye zana za Japani na ajihadhari zaidi, kwa kuwa nyumba za Japani hutumia voti 100: ukichomeka kwenye soketi yetu, moshi ndio jibu. Na mota ya Kimarekani iliyoundwa kwa umeme wa hetzi 60, ikija kwenye hetzi 50 zetu, hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake, na joto huipata upesi.

La pili ni hesi. Mashine nyingi za Kiingereza za zamani zina parafujo kuu iliyokatwa kwa inchi. Kazi zinazoletwa mlangoni mwako, kuanzia bolti za Toyota hadi shafti za pampu ya maji na vyuma vya bodaboda, ni za milimita. Ili parafujo ya inchi ikate hesi sahihi ya milimita, inahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Hakuna namba ndogo zaidi itakayofanya hesabu hiyo itoke kamili. Gia hiyo ni kubwa, na husahaulika kwa urahisi mashine inapong'olewa ilikokuwa na kutupwa kwenye kontena pamoja na takataka nyingine. Yangu ilikuja bila gia hiyo. Kwa hiyo mashine ya kifahari ya Mwingereza, pamoja na uzito wake wote, haikuweza kunikatia bolti ya gari lililokuwa limeegeshwa nje ya mlango wangu.

Sasa tuje kwa huyu Mchina anayetukanwa. Naomba tukumbuke tumewahi kuukalia mkeka huu. Kuna wakati Peugeot 404 ndiyo ilikuwa gari katika Afrika Mashariki. Ilishinda mashindano ya Safari mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Gari la Kijapani lilionekana dogo na jepesi. Mwaka 1970 Datsun ikashinda mashindano hayo hayo, kwenye matope na mawe yetu, na mwaka 1971 ikashinda tena. Barabara haikuuliza kabila la chuma. Na hao Wachina wanaosemwa hawajui chuma ndio walioijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wakipita milima na mabonde ambayo wengine walikwisha kusema hayapitiki kwa faida.

Siwapambi. Zile mashine ndogo za kukereza za mezani, ambazo viwanda kama Sieg cha Shanghai huzitengeneza na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani huziuza kwa majina yao wenyewe, zina kasoro ninazozijua kwa vidole. Nyingi zina gia za plastiki kichwani, na ukikatisha ghafla kwa pupa zinapoteza meno. Kibao cha umeme kinachorekebisha mwendo huungua ukiilazimisha mota. Ukiitoa kwenye boksi imejaa grisi ya kusafirishia, na wakati mwingine, ukiwa na bahati mbaya, ndani yake unakuta chembe za mchanga wa kusubia. Lazima uifungue, uioshe kwa mafuta ya taa, ukaze kila bolti, urekebishe vibati vinavyobana vigari, uitie oili, ndipo uiwashe. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Na hata baada ya hapo, ngoma ya breki ya lori hutaikereza humo.

Lakini tazama upande wa pili wa mizani. Inachomekwa kwenye soketi ya kawaida. Ukiagiza iliyo ya milimita, inakata hesi za milimita bila gia ya 127. Kitanda chake hakijawahi kusuguliwa na mtu. Gia ikivunjika, unaagiza nyingine iliyo sawa nayo. Kijana anayetengeneza bushi, pini, vishikizo na spea ndogo za cherehani ana mashine inayomtosha, na asubuhi ya siku ya tatu ameshaanza kazi, wakati mwenzake mwenye chuma cha Mzungu bado anatafuta wa kumsukia mota.

Kwa hiyo simshauri mtu anunue ya Mchina, wala simkatazi ya Mwingereza. Namshauri aanze na kazi anayotaka kufanya, aje kwenye umeme alio nao, apime mashine iliyo mbele yake, na asiimalizie pesa yote. Theluthi moja ya fungu lake aiweke kando: ya usafiri, umeme, visu, drili, maikromita, oili. Mashine isiyo na visu ni meza ya bei ghali.

Nimeacha la matunzo mwisho kwa kuwa hapa ndipo imani ya chuma kisichokufa inapofanya uharibifu wake mkubwa. Niliwahi kuingia kwenye karakana moja ya uani ambako mwenyeji alinionyesha kwa fahari mashine ya Kijerumani aliyoipata katika hali adimu. Haikuwa imelika. Kwenye kitanda bado zilionekana zile alama za kukwanguliwa kwa mkono, kama magamba ya samaki, ambazo hufutika kwanza mashine inapozeeka. Hatua moja tu kutoka hapo ilikuwa grenda, na alikuwa ametoka kunoa patasi. Nilipitisha kidole kwenye kitanda. Juu ya oili kulikuwa na unga wa kijivu kama ugoro, na nilipousugua kati ya vidole ulikwaruza. Unga ule una chembe za jiwe la kunolea, jiwe lililotengenezwa kwa ajili ya kula chuma. Ukichanganyika na oili unakuwa dawa ya kusagia, na kila kigari kinapopita, mashine inajisaga yenyewe. Na oili aliyokuwa akiitumia ilikuwa oili chafu, iliyomwagwa kutoka injini ya daladala, nyeusi, imebeba masizi na chembe za chuma za injini nyingine.

Nilipomwambia, alijibu kwa upole, "Kaka, hii ni ya Mjerumani. Haidhuriki."

Jibu hilo ndilo ninaloandika makala hii kulipinga. Mtu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Kazi zake za kuchomelea ni safi. Alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba kuna vyuma visivyodhurika, na akaamini, na kwa imani hiyo alikuwa anamaliza ndani ya miaka michache kile ambacho wamiliki wake wa kwanza walikitunza kwa miongo.

Kuitunza mashine ya nyumbani hakuhitaji utajiri. Grenda ikae chumba kingine au nje kabisa, na ukilazimika kunoa karibu, funika kitanda. Chembe za chuma zifagie kwa brashi. Usizipulize kwa upepo wa kompresa, maana zile unazodhani umezifukuza umezisukumia chini ya kigari na ndani ya beringi. Oili ya kitanda iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, namba 68. Ukiikosa, oili ya haidroliki ya namba hiyo hiyo ni afadhali kuliko ya injini. Kama kichwa kina kidirisha cha kioo, kitazame kabla ya kuwasha. Na sisi wa pwani, wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, tuna chumvi hewani: alama ya kiganja chenye jasho juu ya chuma kitupu huwa kutu ya umbo la kiganja baada ya usiku mmoja. Futa, paka oili, funika kwa shuka la pamba. Usifunike kwa nailoni, maana hufungia unyevu ndani. Jumla yake ni dakika kumi za jioni.

Wataniambia kwamba hizi ni anasa, kwamba mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu methali hiyo, lakini inamsema anayechagua ili asilime. Mkulima wa kweli hachagui jembe, ila hulinoa, hukaza mpini wake, na halilazi kwenye umande.

Wataniambia pia kwamba wanamjua mzee aliyekereza miaka thelathini kwenye mashine iliyolika, na kazi yake haina doa. Nami namjua, ni kwa mzee wa namna hiyo nilikojifunza kushika kisu. Anajua mashine yake inamwibia kiasi gani na mahali gani, naye hulipa deni hilo kwa tupa na msasa bila hata kufikiri. Lakini ujuzi huo uko mikononi mwake, hauuzwi pamoja na mashine. Anayeanza, peke yake kwenye banda la uani, kazi ikitoka upogo hajui kama kosa ni lake au la mashine. Wengi hujilaumu wenyewe, wakaacha. Tumepoteza mafundi wangapi kwa njia hiyo?

Basi kijana akija kukuuliza anunue mashine ya nchi gani, usimjibu kwa jina la nchi. Mshike mkono mwende naye yadi, mkakaze skrubu za kigari na kukisukuma, mkakereze kipande na kukipima, mkasome kibati cha mota. Mkirudi nayo, ya nchi yoyote iwayo, jioni ya kwanza mwonyeshe namna ya kuifuta na kuipaka oili. Wale mafundi wa mwaka 1916 walijua meli wanaipeleka chini ya ziwa, na hawakuwa na hakika kama kuna atakayeiona tena, lakini bado waliinama wakapaka grisi. Sisi mashine zetu tunazitaka kazini kesho asubuhi.